Mama Nabintu Achimba Msingi

Zamani katekista wa kwetu aliondoka kwa miguu na kurudi baada ya mwaka mzima, amekonda, hana cha kuonyesha ila majina ya watu aliowafundisha sala. Siku hizi wamisionari wetu huondoka kwa basi wamevaa fulana za rangi moja, na baada ya wiki mbili hurudi na picha mia nne.

Sisemi hivyo kwa wivu. Niliyaona yote mawili. Na katika mojawapo ya mabasi hayo ya fulana alikuwamo mwanamke ambaye hakuandikwa katika orodha ya wamisionari, na katika msafara wote ule ndiye ninayeona vema kuandika habari zake. Jina lake ni Nabintu.

Alizaliwa upande wa Bukavu, akaletwa Goma kuolewa na Bulonza, mwashi wa mawe. Walikaa mtaa wa Keshero, kwenye nyumba ambayo Bulonza aliijenga mwenyewe kwa jiwe jeusi la volkano, kila jiwe limechongwa kwa mkono likakaa juu ya mwenzake kama mbegu ndani ya ganda. Nabintu alianza kwa kumvunjia mumewe kokoto. Baadaye akamchongea. Bulonza alipoumia mgongo, akawa anakaa kwenye kiti chini na kuelekeza kwa fimbo, na mkewe ndiye aliyepanda ukutani. Watu wa mtaa walicheka sana. Wanaume walipita makusudi kumwangalia. Bulonza alipokufa hawakucheka tena, maana nusu ya kuta walizoegemea wakati wa kucheka zilikuwa kazi ya mkono wa mwanamke huyo.

Alikuwa na desturi moja aliyofundishwa na mumewe. Kabla ya kuchonga jiwe, aliligonga mara moja kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Jiwe likitoa mlio mkali, aliliweka upande wake wa kulia. Likijibu kwa sauti nzito kama mtu mwenye mafua, alilitupa. Hakueleza. Ukimuuliza atakwambia, "Hii imeshapasuka ndani, yenyewe haijue bado."

Siku hizi Goma haina haja na masikio ya namna hiyo. Matajiri wanajenga kwa bloku za simenti na vioo vya buluu, kokoto inasagwa na mashine, na jiwe la volkano limebaki la uzio na la choo. Nabintu akawa mtu wa kuitwa kuziba nyufa na kutengeneza ngazi. Watoto wake watatu walikuwa wameshaoa na kuolewa, wote mbali. Jumapili alikuja kwenye shirika letu, maana kwetu Wakatoliki kila mtaa una shirika lake la sala, akaketi nyuma, mikono imefichwa chini ya kitenge.

Barua ilisomwa hapo, kwenye shirika, wakati wa Kwaresima. Ilitoka Uganda, ng'ambo ya Mbarara, kwenye kambi ambako watu wetu wengi wa Rutshuru na Masisi walikimbilia. Aliyeiandika ni Twagirimana, katekista wa huko. Alisema wanasali chini ya turubai lililochanika. Alisema mwenyekiti wa kijiji amewapa kiwanja cha kujenga kanisa dogo, lakini wamekaa nacho miaka miwili bila kujenga, wana matofali ya kuchoma tu na hawana mwashi. Sasa mwenyekiti amechoka. Jumamosi ya tatu baada ya Pasaka atakuja kuangalia: akikuta ukuta umefika usawa wa madirisha, kiwanja ni chao, asipoukuta, anampa mtu mwingine alime mahindi.

Florent, kijana msemaji mzuri, mwenyekiti wa kamati ya safari, alisimama akatangaza kwamba shirika litakwenda. Wiki mbili, watu kumi na wanane. Kutakuwa na mafundisho, nyimbo, michezo ya watoto, ushuhuda. Fulana zitakuwa za rangi ya machungwa.

"Na ukuta?" akauliza Nabintu kutoka nyuma.

"Mama, tutawatia moyo. Kazi ya misioni si kazi ya mawe."

"Mu barua banaomba nini?"

"Banaomba kanisa."

"Kanisa inajengwa na nini? Na fulana?"

Watu wakacheka. Florent naye akacheka, maana si kijana mbaya, amelelewa tu na nyakati zake. Wakajadiliana, mwisho kamati ikasema sawa, Mama Nabintu atakwenda, lakini kwa kazi ya kupika, kwa kuwa nafasi ya mpishi ndiyo iliyobaki. Nabintu akasema atapika. Halafu akamwomba Florent simu yake, akaongea ndani ya simu hiyo mbele yetu sote, ujumbe wa sauti uliokwenda moja kwa moja kwa Twagirimana:

"Papa Twagirimana, ambia huyo mwenyekiti: ile Jumamosi atakuta ukuta. Ni miye Nabintu wa Keshero nasema. Asipoukuta, aseme Nabintu ni muongo."

Florent akachukua simu yake kama mtu aliyeazimisha kiberiti akarudishiwa moto.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu wenyeji waliomba wageni wasije bila mzee. Tuliondoka Jumatatu. Barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo tulipita Gisenyi, tukapanda hadi Musanze, tukavuka Cyanika. Pale mpakani askari alifungua mfuko wa mpishi, akakuta nyundo nne, kubwa kwa ndogo, na sufuria moja.

"Mama, hizi ni silaha?"

"Ni za kuvunja mawe, mukubwa."

"Uganda ulisikia kuna mawe?"

"Inchi gani Mungu aliumba bila mawe?"

Askari akamwangalia, akafunga mfuko. "Utatuambia ukirudi," akasema.

Tulifika Jumanne mchana. Nchi ile ni ya vilima vya majani na mabonde ya udongo mweusi. Kwa macho ya mtu wa Goma ni kama nchi iliyosahauliwa kuwekwa mifupa. Unatembea saa nzima huoni jiwe la kumrushia mbwa. Wenyeji walitupokea kwa ngoma, Twagirimana akalia machozi. Vijana wakaanza picha.

Jumatano asubuhi Nabintu alipika chai, akaacha sufuria, akaenda kiwanjani. Akapima kwa kamba: mita tisa kwa sita. Akaagiza majani yang'olewe na ardhi isawazishwe vizuri kwa majembe. Kisha akamwaga simenti iliyonunuliwa njiani kwa mchango wa shirika, akapanga mstari wa kwanza wa matofali juu ya ardhi hiyohiyo.

Hapa lazima nieleze kosa lake, ambalo lilikuwa kosa letu sote. Goma hatuchimbi msingi. Unafagia majivu, unakutana na mwamba, unaanza ukuta. Volkano imeshachimba na kumwaga na kusawazisha kabla babu yako hajazaliwa. Bulonza hakuchimba, wala aliyemfundisha Bulonza. Na kwetu mvua ikinyesha maji hupotea ndani ya nyufa za mwamba kabla hujatafuta ndoo. Nabintu alikuwa amejenga miaka ishirini na mitano, na hajawahi hata siku moja kujiuliza ukuta unakaa juu ya nini.

Wenyeji waliona. Hilo ndilo linaloniuma hata leo. Wanaume wa kambi walisimama pembeni, wakatazama mstari wa kwanza, wa pili, wa tano. Wakatazamana. Hakuna aliyefungua mdomo. Mgeni aliyesafiri siku mbili kuja kukusaidia humfundishi kazi. Baadaye Twagirimana aliniambia, "Muzee, tulisema labda mu Goma kuko simenti mupya."

Hadi Jumamosi jioni ukuta ulikuwa umefika kiunoni pande zote nne, umenyooka kama mstari wa daftari. Florent alipiga picha nyingi, akazituma nyumbani.

Jumapili, baada ya ibada, mvua ikanyesha. Ilinyesha mchana mzima. Tulikaa chini ya turubai tukiimba, na katikati ya wimbo tukasikia kama mtu mnene anayekaa chini kwa uchovu. Tukatoka. Upande wa bondeni ukuta ulikuwa umezama shubiri mbili na kulalia nje. Kona ilifunguka kama mdomo. Tulipokuwa tunaangalia, kona ya pili nayo ikaenda, taratibu, bila kelele nyingi, matofali yakateleza kwenye tope moja baada ya jingine.

Nabintu alisimama kwenye mvua.

Aliyecheka ni mama mmoja wa kambi, Niyonsenga, mkulima aliyetoka Rutshuru, mwanamke mfupi mwenye sauti ya filimbi. Alicheka mpaka akashika magoti.

"Mama wa Goma! Weye ulifikiri chini huku kuko jiwe? Chini huku ni bugali! Unajenga kanisa juu ya bugali!"

"Kwa nini hamukusema?" Nabintu akauliza, sauti ndogo.

"Tuseme nini? Mulikuja na basi!"

Vijana fulani wa kambi walikuwa wameshapata jina letu: wamisionari wa siku nne. Tulilisikia jioni hiyo kila tulipopita.

Florent aliita mkutano. Aliongea kwa upole, na maneno yake yalikuwa na akili. Zimebaki siku tano. Kuanza upya haiwezekani. Afadhali tumalize mafundisho vizuri, tuandike ripoti, tukirudi Goma tuombe watu watoe mchango, wenyeji wajenge wenyewe siku nyingine.

"Siku gani ingine?" Nabintu akasema. "Jumamosi kiwanja inaenda kwa mahindi."

"Mama, si kosa yako."

"Ni kosa yangu. Ni ya nani ingine? Nilitoa neno langu mbele yenu bote. Mufundishe, muimbe, mucheze na batoto. Miye kesho nabomoa."

"Na chakula, nani atapika?"

"Weye uko na mikono, Florent."

Jumatatu asubuhi akabomoa kile kilichobaki kimesimama. Alifanya peke yake, tofali kwa tofali, akiyapanga pembeni ili yasivunjike, na wenyeji wakitazama. Nimeona watu wakijenga mbele ya watu. Kubomoa kazi yako mwenyewe mbele ya waliokucheka ni jambo jingine. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja kwa Niyonsenga, aliyekuwa anapalilia maharage yake.

"Mama Niyonsenga, nifundishe. Huku munachimba mpaka wapi?"

Niyonsenga akaegemea jembe. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Unachimba mpaka jembe inakataa. Kuko udongo nyekundu, ngumu kama mukate ya juzi. Inafika hapa." Akaweka mkono kifuani. "Kiisha unajaza mawe."

"Mawe iko wapi?"

"Kwenye kile kilima, nusu saa. Lakini ile mawe hakuna mutu aliiweza. Banaume banaivunjia nyundo, nyundo inavunjika."

"Twende."

Niliwafuata polepole. Juu ya kilima mwamba ulikuwa umejitokeza, mweupe, wenye kung'aa, si mwamba wetu. Jiwe la volkano lina vitundu, hupokea nyundo kama mkate. Hili lilikuwa bahili. Nabintu aligonga mahali pa kwanza, akategea sikio, akatikisa kichwa. Akagonga kwingine. Alizunguka mwamba ule kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya tajiri. Mwisho akapiga magoti, akagonga mara tatu mahali pamoja, akatabasamu.

"Hapa inaongopa," akasema. "Ndani imeshapasuka."

Akachukua nyundo kubwa. Alipiga mara kumi na saba; nilihesabu. Mara ya kumi na nane mwamba ukalia, na ufa ukakimbia kutoka juu hadi chini kama mjusi. Bamba kubwa kama mlango likaanguka. Niyonsenga alipiga kelele, "Mana yanje!" yaani Mungu wangu, akamkumbatia.

Lakini mwanamke mmoja hawezi kuvunja mawe ya kujaza mtaro wa mita thelathini kwa siku nne. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Alasiri hiyo kiongozi wa kwaya yetu, Marie-Claire, msichana wa kucha nyekundu aliyebeba kioo hata kwenye ibada, alipanda kilimani akatazama. Akaomba nyundo. Akaketi chini, akajifunga kitambaa kwenye kidole gumba, akakunja mguu mmoja kuzuia jiwe kwa unyayo. Hakuna anayekaa hivyo isipokuwa aliyekua kwenye kokoto. Akavunja.

"Nani alikufundisha?" Nabintu akamuuliza.

"Mama yangu. Volkano ilipokula nyumba yetu, tulivunja mawe miaka ine." Hakuinua macho. "Usiambie batu ba kwaya."

"Batu ba kwaya banakuona, mutoto yangu."

Walikuwa wamesimama nyuma yake, na wawili kati yao walikuwa tayari wanatafuta vitambaa vya kufunga vidole. Basi tulikuwa tumekuja na basi zima la wavunja mawe, na kila mmoja amejificha ndani ya fulana ya machungwa. Siku hizi mtu akitoka kwenye mawe huficha mikono. Zamani aliinyoosha ili apewe mke.

Kuchimba kulibaki. Sisi watu wa Goma tunajua kuvunja, hatujui kuchimba; vijana wetu walishika majembe Jumatatu ile na kufikia jioni viganja vyao vilikuwa malengelenge matupu na mtaro haujafika gotini. Nabintu akamwambia Twagirimana apige kengele, yaani rimu ya gari iliyotundikwa mtini, aite salongo.

Kwa wasiojua: salongo ilikuwa kazi ya wote, siku moja ya juma, bila malipo, ya kusafisha na kujenga kilicho cha wote. Wakubwa waliitumia vibaya, ikachukiwa, ikafa. Pamoja na ubaya yakafa na mema yake.

Twagirimana akajikuna. "Mama, hapa salongo haiko. ONG za misaada zimezoeza batu posho. Ukipiga kengele, banauliza kwanza: kuko posho na soda?"

"Basi usipige. Nitaenda mwenyewe."

Alikwenda nyumba kwa nyumba Jumatatu jioni na Jumanne asubuhi. Nilikwenda naye nyumba kadhaa, kwa hiyo najua alichosema. Hakuhubiri. Alisema hivi: "Nyumba hii naomba jiwe moja. Kwenye kilima tunavunja. Njoo uchague yako, ulete, na miye nitaiweka mbele ya macho yako na kutaja jina lako. Hata ikiwa mbaya, nitaipatia nafasi."

Nilimwelewa pale pale. Ilikuwa desturi ya Goma ya zamani. Mtu alipojenga, kila jirani alileta jiwe moja alilochagua yeye. Mwashi hakuruhusiwa kulikataa. Lingekuwa la mviringo kama kichwa cha mtoto, au limepinda kama ulimi, heshima ya mwashi ilikuwa kulipatia mahali, na jirani husimama kungojea aone. Hivyo ukuta wa mtu ulikuwa wa mtaa mzima, na aliyeiba kwako alijua ameiba kwenye jiwe lake. Desturi hiyo ilikufa bila mazishi, siku bloku ya simenti ilipoingia, maana bloku zote ni sura moja na hazina mwenyewe.

Jumanne mchana wakaja watu wanane. Wa kwanza alikuwa Niyonsenga, na jiwe la kutisha, lenye pembe tano. Alilileta makusudi.

"Patia hii nafasi, tuone."

Nabintu akalizungusha mara mbili, akashuka mtaroni, akalikalisha kwenye kona ambako pembe mbili zilishika udongo na tatu zikaachia nafasi ya mengine matatu. "Jiwe ya Niyonsenga!" akatangaza. Watu wakapiga makofi. Niyonsenga akatoka mtaroni akarudi na jembe lake na wana wake wanne.

Jumatano walikuwa sitini. Alhamisi sikuweza tena kuhesabu. Walikuja Warutshuru na Wamasisi, wakaja Waganda wenye mashamba ya jirani, wakaja Waadventista ambao hawakanyagi kwetu, akaja Msomali mwenye duka aliyebeba jiwe lake kwenye baiskeli na kudai jina lake litajwe kamili hadi la babu. Mzee mmoja asiyeona alileta jiwe dogo kama yai. Nabintu alichukua muda mrefu na yai hilo kuliko na majiwe makubwa, akaushika mkono wa mzee, akamgusisha mahali lilipokaa. Kila aliyeleta jiwe alibaki kuchimba. Nani atatazama jiwe lake likikaa halafu aende zake?

"Sasa njo tungehitaji chukudu," akasema kijana mmoja wa kwetu akiwa amebeba jiwe begani, akikumbuka zile baiskeli za mbao za nyumbani.

"Kichwa yako si chukudu?" Niyonsenga akamjibu. "Kazi yake ingine ni nini?"

Na Florent? Florent alipika Jumatatu na kuunguza maharage. Jumanne akapika tena, yakawa mabichi. Jumatano kina mama wa kambi walimnyang'anya sufuria kwa huruma, na akabaki hana kazi, amesimama na simu yake. Akaiweka mfukoni. Akavua viatu vyeupe, akashuka mtaroni, na hakutoka hadi Ijumaa. Nilimsikia akimwuliza mkulima mmoja jina, na majina ya watoto wake, na kijiji alichokimbia. Hilo ndilo fundisho la kwanza nililomsikia kijana huyo akilitoa, na hakujua kama anafundisha.

Jembe lilikataa Jumatano jioni, pande zote nne. Alhamisi usiku haujaingia mawe yalikuwa yamejaa hadi usawa wa ardhi, na Ijumaa matofali yakaanza kupanda upya. Mvua ilinyesha Ijumaa alasiri. Watu wote walisimama wakatazama kona. Nabintu hakutazama, aliendelea kupaka simenti chini ya kipande cha turubai alichoshikiwa na watu wawili. Maji yalishuka, yakafika kwenye mawe, yakapita. Kona haikusogea hata unene wa ukucha.

Jumamosi saa nne asubuhi ukuta ulikuwa usawa wa madirisha, na nafasi za madirisha sita zimeachwa. Mwenyekiti wa kijiji alifika na kofia yake na fimbo, mtu mzima asiyecheka ovyo. Habari za ukuta uliolala alikuwa nazo. Nani hakuwa nazo? Hakusalimia mtu. Alizunguka. Alisukuma kona ya bondeni kwa mkono, kisha kwa bega. Kisha, mzee mzima, akarudi hatua mbili nyuma akaupiga teke. Akachechemea kidogo akijaribu tusione.

"Umekwenda chini kiasi gani?" akauliza kwa Kiswahili.

"Kuliko ile unaona juu, mukubwa," Nabintu akajibu.

"Nani aliwalipa watu hawa?"

Niyonsenga akanyoosha kidole chini kwenye kona. "Ile ni jiwe yangu," akasema. Na mwingine, "Yangu iko hapa chini ya dirisha." Na mwingine, na mwingine, mpaka kukawa na kelele, kila mtu anaonyesha mahali, na Msomali anataja babu yake. Mwenyekiti akainua fimbo wanyamaze. Akatoa karatasi mfukoni, akaiweka juu ya ukuta uleule, akaandika jina lake na kupiga muhuri.

Sijui kama nimewahi kusikia vigelegele vya namna ile. Twagirimana alipiga rimu ya gari mpaka ikakatika kamba. Mimi nina umri wangu, na nimezika mengi niliyoyapenda, lakini Jumamosi ile niliona salongo ikisimama kwa miguu yake kwenye nchi ya watu, ikiwa imeitwa na mpishi.

Mwenyekiti alipokunja karatasi akauliza, "Na kupaua? Nani atamaliza?"

Watu wote wakamtazama Nabintu. Florent, mwenye tope hadi masikioni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, basi inangojea."

"Naiona."

"Kamati ilisema wiki mbili."

"Kamati iende. Ilimaliza kazi yake." Akamshika shavu kwa mkono wa simenti. "Ulifanya vizuri, mutoto. Usalimie Keshero."

Marie-Claire naye akashusha mfuko wake kutoka kwenye basi bila kuomba ruhusa ya mtu. Kucha zake hazikuwa na rangi tena.

Walimaliza kanisa lile, nikasikia, kisha shule ya vyumba vitatu, na sasa wanaitwa mbali, kila mahali kwenye udongo laini na watu wasio na mwashi. Huchimba hadi jembe likatae, na kila nyumba huleta jiwe. Goma imepatwa na mambo yake tangu wakati huo, njia zimefungwa na kufunguliwa, na miguu yangu haiwezi tena mpaka. Sikuwaona tena.

Mara ya mwisho nilipowaona ilikuwa Jumamosi ileile, saa saba mchana, kupitia kioo cha nyuma cha basi. Vijana wetu walikuwa wanapunga mikono na kulia. Marie-Claire alikuwa anakoroga simenti, ameinama. Nabintu alikuwa amesimama juu ya ukuta, mgongo kwetu, mkono kiunoni, anamgombeza katekista.

"Papa Twagirimana! Kamba imelegea! Unashika kamba ama unashika rozari?"

Basi likakata kona.